Mji Wenye Mlango

Hamza aligawa pasipoti kwenye uwanja wa ndege kama anayegawa kadi za karamu. Aliita jina, mwenye jina akajibu "Labeika!", wenzake wakacheka, pasipoti ikapita mikono mitatu mpaka ikamfikia. Ilikuwa asubuhi, tumevaa nyeupe wote. Mama yangu alikuwa amekalia begi lake, mapajani kidumu kitupu cha kuletea maji ya Zamzam. Jina lake alikuwa ameliandika kwenye kidumu kwa rangi ya kucha, ili kisije kikachanganyika na vya wengine.

Jina langu liliitwa. Lake halikuitwa.

Alidhani ni masikio yake. Akaninong'oneza, "Wameshaniita?" Nikamwambia bado. Hamza akafunga mkoba wake, akanivuta kwa ukingo wa mtandio mpaka karibu na mlango wa choo.

"Dada, ya mama iko na probleme kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Viza wamekataa. Mutu aliyesilimu, kule wanataka barua ya mwenye aliona. Aandike, mi niliona, mi nilisikia. Barua ya Mwalimu aisemi vile."

"We ulijua tangu lini?"

Akaitazama simu yake kama vile jibu limo humo. "Inafika juma mbili."

"Na unaniambia hapa?"

"Nilifikiri itajipanga."

Itajipanga. Mpaka leo mtu akiniambia kwamba jambo litajipanga, nakunja mkeka wangu naondoka.

Mama alielewa kabla sijafungua mdomo. Alimtazama Hamza, hakunitazama mimi. "Kwa hiyo mi si Mwislamu?"

"Apana, mama, apana! Ni makaratasi tu."

"Miaka yote nilifunga, nilisali, nilizika bwana yangu. Sasa ni makaratasi." Kisha akanigeukia. "We nenda. Ukifika, waambie mi nilikuja mpaka mlangoni."

Nikaenda. Hili naandika wazi ili mtu asije akanisemea: nilikwenda. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa amekikumbatia kile kidumu kifuani kama mtoto mwenye homa, na Hamza anamtafutia teksi.

Mimi nauza ndagala kavu, vile visamaki vya ziwani, mtaa wa Bwiza. Shule niliiacha mwaka wa tano, kwa hiyo barua ndefu hunichosha, lakini hii nitaimaliza. Majina nayataja. Hamza, kiongozi wa msafara. Zuhura, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Na mimi. Ila mkubwa wa hao wote ni Mwalimu, na yeye jina silitaji kwa sababu hakuwa nalo. Hata mke wake alimwita Mwalimu. Hata waliomchukia. Kila aliyejifunza alifu kwenye ule ua wa mabati nyuma ya msikiti anamjua ni nani.

Nimemjua tangu nikiwa mdogo wa kubebwa. Siku hizi namkumbuka kama ninavyochambua ndagala: nazimwaga zote kwenye karai, napepeta, natafuta kijiwe. Lazima kijiwe kilikuwemo zamani. Mtu haamki siku moja akaandika barua kama ile.

Nianze na friji.

Mwalimu ndiye aliyewafundisha mahujaji wote wa mtaa wetu. Kila mwaka, kabla ya safari, aliwaita uani akawafunga humo asubuhi nzima, geti limewekwa komeo, na kama huendi Makka huingii. Sisi tuliobaki nje tulichungulia kwenye matundu ya misumari. Katikati ya ua alisimamisha friji kubwa, mbovu, aliyoivika shuka jeusi, na wazee na bibi zetu waliizunguka mara saba huku yeye amesimama kando na kipande cha chaki. Aliyekosea upande alipigwa kelele. "Kushoto iwe kwenye friji! Mama Halima, kule ni watu malaki na malaki, ukienda kinyume utakanyagwa kama nyanya!" Kisha aliwakimbiza kati ya ngazi ya madrasa na bomba la maji, huko ndiko Safa na huku ndiko Marwa. Wazee walirudi nyumbani wanahema na kucheka.

"Hii si Kaaba," alisema kila mwaka. "Hii ni friji. Nitakayemuona anaibusu, nitamufukuza."

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba friji ile ilitoka kwenye baa. Baa moja ya mtaa wa pili ilifungwa, mwenyewe akahama, Mwalimu akaikokota kwa mkokoteni yeye na baba yangu. Baba ndiye aliyekwangua picha ya chupa ya bia kwenye mlango wake. Alikwangua nusu tu. Chini ya shuka lile jeusi shingo ya chupa ilibaki, na mapovu yake. Baba alitusimulia akicheka mpaka akakohoa. Kumbukeni hiyo chupa.

Na Mwalimu mwenyewe hakuwahi kwenda. Aliyajua majina ya milango ya ule msikiti mkubwa, alijua wapi pana ngazi na wapi pana maji, alichora kwa chaki njia ya kutoka Mina mpaka Arafa kama mtu aliyezaliwa pale, lakini mguu wake haukuvuka. Mwaka mmoja mke wake aliugua. Mwingine alimpa nafasi yake mzee kipofu. Halafu akaacha hata kusema. Walioondoka aliwasindikiza mpaka barabarani, na waliporudi, wakiitwa Haji na Hajati, aliwauliza maswali mengi mno. Sakafu ni baridi au ya moto? Jiwe linaonekana kutoka wapi? Hewa inanuka nini? Zamani niliona hiyo ni mapenzi. Sasa sijui. Mtu anayechora ramani ya mji asioufikia, halafu mama mmoja, mama yangu, wa kutoka vilima vya Kanyosha, mwenye jina la Espérance kwenye karatasi, anafungasha begi kwenda huko. Moyo wa mtu ni gunia, huoni kilicho chini.

Siku moja alikuja Mzungu mmoja mwenye kamera, kijana mpole, anapiga picha mitaa yetu. Alisema kwa Kifaransa kwamba amezunguka nchi nyingi na hajui kwa nini Makka wasimwache aingie, yeye anataka kuona tu. Mwalimu alimpa chai ya tangawizi kali, ile yake ya kutoa machozi, akamjibu taratibu.

"Dunia yote ni barabara, bwana mudogo. Ule muji tu ndio uko na mulango. We unataka kuona. Kule awaendi kuona. Wanaenda kuonwa."

Tulimsifu wiki nzima kwa jibu lile. Mama alilirudia jikoni akikoroga sombe, majani ya muhogo. Kuonwa, alisema, kuonwa. Lilimkaa rohoni. Mimi nadhani ndipo ilipoanza ile hamu yake, pale pale, kwa maneno ya mtu yule yule aliyekuja kumfungia mlango.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Mi sisemi nisichokiona." Alilisema kwenye ndoa, kwenye magomvi ya mipaka ya nyumba, mbele ya polisi. Mwaka mmoja mji mzima ulitangaza mwezi umeandama. Bwiza yetu pilau imeiva, watoto wamevaa viatu vipya, yeye akasimama mlangoni mwa msikiti. "Mwezi nani ameuona? Wewe? Wewe? Umesikia. Kusikia si kuona. Mi nafunga." Nusu ya mtaa wakafunga naye kwa hofu, na pilau ikachacha. Watu walimtukana mpaka jua likazama, na yeye aliwasikiliza akitikisa kichwa kama anayesikiliza redio. Mtu wa namna hiyo, anayeogopa kushuhudia hata mwezi wa Mungu, ungedhani angeogopa pia kusema la binadamu bila kuliona. Ngojeni.

Sasa niseme zuri lake, maana lipo, na ndilo linaloniuma.

Wakati wa vita, asubuhi moja, watu walikuja wanakimbia kutoka mitaa ya juu, wanawake wengi, na watoto migongoni. Mwalimu alifungua geti lile lile la komeo, akawaingiza uani, akawapandisha mpaka ndani tunaposalia. Hakuuliza mtu dini. Hakuuliza kabila. Mimi na mama tulikuwa humo tunakoroga uji. Wanawake wengine walikuwa na rozari shingoni, mama akapita akizikusanya mmoja mmoja, akazizika kwenye ndoo ya ndagala zetu, akafunika. Vijana wenye mapanga walipofika, Mwalimu alitoka peke yake na kanzu yake yenye vumbi la chaki.

"Humo ndani kuna nani, muzee?"

"Waislamu wangu."

"Wote?"

"Wote. Mi mwenyewe niliwasilimisha, na macho yangu aya. Mukitaka kuingia, mukwanze kuvua viatu."

Hawakuvua. Walisimama, wakatema mate, wakaenda zao. Niko hai kwa sababu ya uongo ule. Alishuhudia wanawake asiowajua hata majina, kwa macho yake, mbele ya mapanga. Basi aliweza! Alipotaka, aliweza.

Na mama alikuwa Mwislamu kweli. Hadithi ya kusilimu kwake tumekua nayo kama hadithi ya kuzaliwa. Alikuwa msichana wa Kanyosha, baba yangu anataka kumwoa, akapelekwa pale uani mbele ya mashahidi wawili. Mmoja ni mwadhini, marehemu siku nyingi. Wa pili ni Mwalimu, kijana wakati ule, aliyetoka kutawadha na mikono inamtiririka maji. Mama alisema Mwalimu alimrudisha mara mbili, shahada haikutoka sawasawa, na mara ya tatu alipoipatia, Mwalimu alisahau kujifuta, akampungia baba mkono na matone yakamrukia mama usoni. "Kwa hiyo nilibatizwa tena," mama alitania, na baba alimkemea akicheka. Mtu habuni matone ya maji.

Hayo ndiyo yaliyomo kwenye karai. Sasa kijiwe.

Huko Kanyosha, mjomba alipofariki, ndugu wa mama walifanya siku ya kumaliza matanga. Ndugu hao ni Wakristo, wakulima, na ndio waliouza ng'ombe dume wawili ili dada yao aende Makka, msije mkawadharau. Kwenye siku kama ile mtungi wa bia ya mtama unawekwa katikati, na mirija ya mwanzi. Mwenye nyumba anaonja kwanza, ili kila mtu aone haina sumu, kisha mrija unapita kwa kila mwana wa ukoo. Ukikataa mrija umesema jambo kubwa. Umesema: nyinyi ni wauaji. Mama alipokea mrija wake, akauweka mdomoni, mashavu yakacheza, akaupitisha kwa dada yake. Hakumeza kitu. Niliketi karibu, koo lake nililiona, halikupanda wala kushuka. Njiani tukirudi aliniambia, "Nikikataa, wanaona nawashuku. Nikinywa, Mungu ananiona. Basi naweka mudomo, koo nafunga."

Nililiona jambo la kuchekesha. Ndiyo makosa yangu. Tulikuwa tunamenya vitunguu saumu vya pilau ya maulidi, wanawake kumi na kitu, nikawaigizia mama na mrija wake, mashavu yanacheza. Walicheka. Zuhura alicheka kuliko wote, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Uyu mama yenu!" alisema. "Anadanganya mbingu na ardhi siku moja!"

Wiki ile ile nilimwona Zuhura ameinama mlangoni kwa Mwalimu, kama anayeongea na kitasa. Sikufikiri kitu. Na wiki iliyofuata Mwalimu akanipa bahasha ya kumpelekea Hamza, imefungwa kwa gundi. "Mupelekee mwenyewe, mutoto wangu. Usiikunje." Sikuikunja. Niliibeba kwa mikono miwili kutoka mlangoni kwake mpaka kwa Hamza, kama mtu anayebeba mayai. Kukataliwa kwa mama yangu nilikubeba mimi, na sikukukunja.

Kuna jambo moja zaidi, nalo silisahau. Kwetu mtu hatoki kwenda Makka bila kuomba radhi. Mama alizunguka mtaa siku tatu, mlango kwa mlango, na mguu wake unamuuma. "Kama nilikukosea, nisamehe." Alienda kwa Zuhura, Zuhura akalia, wakakumbatiana. Alienda kwa Mwalimu. Nilimsindikiza. Alipiga magoti pale kwenye mkeka.

"Mwalimu, kama kuna kitu umenisikia nacho, nisamehe."

Mwalimu alitazama kikombe chake. "Nimekusamehe, mama. Mungu akufikishe."

Barua ilikuwa imeshaondoka. Alijua alichoandika, na alimwombea afike.

Sasa jiwekeni mahali pa mama, siku ile ya uwanja wa ndege, anashuka kwenye teksi mbele ya watu wale wale aliowaaga. Alijifungia. Siku kumi na moja hakutoka, majirani wanasema. Alivaa zile nguo nyeupe humo ndani akazifua, akazivaa tena. Mimi wakati huo nazunguka nyumba ya Mungu, kushoto kwangu iko pale, kila mzunguko nasema jina lake, lile la Mwajuma alilopewa aliposilimu na lile la Espérance, yote mawili, ili huko juu wasikose dosiye, faili lake.

Niliporudi nilimdai Hamza karatasi. Alinizungusha, akatoa nakala. Imeandikwa Kifaransa cha maofisini, kwa mashine. Nikaenda nayo mtaa wa Rohero kwa kijana mmoja anayeandikia watu barua karibu na mabenki, nikamwambia, nisomee polepole. Alisoma, akaisoma tena kimya.

"Mama, huyu aliyeandika ni rafiki wenu?"

"Soma."

"Anasema: mama huyu tunamjua kama mjane wa fulani. Anahudhuria msikiti. Inasemekana alisilimu." Akaweka kidole hapo. "Hasemi aliona. Anasema watu wanasema."

Mi sisemi nisichokiona! Aliyaona yale matone kwenye uso wake, akaandika inasemekana. Mrija hakuuona, Kanyosha hajakanyaga, na mrija ndio aliouamini.

Mama alikufa kabla ya msimu mwingine. Daktari alisema moyo. Mimi nasema moyo pia, ila si kama alivyosema yeye.

Zuhura alikuja kumwosha. Alinishika mabega, akasema, "Dada yangu amekuwa muzuri, angalia uso wake," na mimi nilikuwa sijayaunganisha bado mambo yote vizuri kichwani, nikamwachia maiti ya mama mikononi. Wanaume wakamchukua. Sisi wanawake tulibaki ukutani, lakini ule ukuta ni mabati, na sauti ya Mwalimu ilipita kama haina kizuizi. Alimsalia yeye. Akasimama mbele ya jeneza akapiga takbira nne, sauti haikukatika. Kisha akawageukia watu, kama tunavyofanya kwa kila maiti, akauliza kwa nguvu:

"Mama huyu munamushuhudia vipi?"

Wanaume wote wakajibu, "Ni mwema! Ni Mwislamu!"

Na sauti yake ilikuwemo. Nimeisikia tangu utoto, naitambua katikati ya mia. Ilikuwemo, na ilitangulia.

Tangu siku ile, mtaani, maneno. Yule wa viza. Yule wa mrija. Kuna mwanamke alisema kisimani, nami nasikia, kwamba makaburi ya Waislamu yamechanganywa siku hizi. Mwanangu wa kike alipoposwa, upande wa pili waliuliza kwa adabu kama bibi yake alikuwa "mutu wa dini kabisa." Mimi wananiita Hajati. Nawaambia niiteni kama zamani. Wanadhani ni unyenyekevu.

Mwezi uliopita nikaenda kwa Mwalimu. Baada ya alasiri, yuko barazani. Jicho moja limefumba, la pili lina utando. Amekonda, kanzu imemzidi. Kando ya ukuta friji bado ipo, bila shuka, kuku wametaga juu yake, na ile shingo ya chupa na mapovu yake imekaa wazi mchana kweupe, hakuna anayejali.

"Nani uyo?"

"Wa ndagala."

Akacheka kwa furaha ya kweli. "Mutoto wangu! Hajati! Kaa. Kila mutu alinipitishia Zamzam, we tu bado ukuleta. Nilisema, atakuja." Akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata mkono wangu. "Nieleze. Macho yanakwisha, nataka mutu anieleze mbele ayajaisha kabisa. Ukiingia, unaiona kwa ghafla ao inakuja polepole? Marumaru ni baridi kwenye miguu?"

Naijua ile marumaru. Nilikuwa nayo yote kichwani, kila ngazi, kila harufu. Ningeweza kumpa. Mdomo ulishafunguka.

"Ule mji una mlango, Mwalimu," nikasema. "Leo mlinzi ni mimi."

Mkono wake ukalegea ndani ya wangu. Hakuuondoa.

"Barua," akasema.

"Barua. Ulimwona mama akisilimu ao hukumwona?"

"Nilimwona."

"Mikono yako ilikuwa na nini?"

Kuku mmoja akashuka kwenye friji. "Maji," akasema.

"Sasa kwa nini?"

"Waliniambia anakunywa. Nikasema, niweke jina langu mbele ya Mungu juu ya mutu anayekunywa? Niliogopa."

"Wakati wa mapanga hukuogopa."

"Wale walikuwa wanakufa."

"Na huyu?"

Akapapasa ukingo wa mkeka.

"Ungemuuliza, Mwalimu. Nyumba yetu hatua arobaini. Alipiga magoti hapa, kwenye mkeka huu, akakuuliza kama una neno naye. Ungesema, mama, nimesikia unakunywa. Angekuonyesha koo lake. Kuhusu mwezi ulitaka jicho, kuhusu mama yangu ukakubali mdomo wa Zuhura. Na hawa mahujaji umewazungusha kwenye friji ya bia miaka yote, mbona hakuna aliyekuandikia barua mbaya?"

Alicheka kidogo, cheko la kukohoa kama la baba. Halafu machozi yakatoka kwenye lile jicho lenye utando, ama ni ugonjwa wake, sijui, na mimi nimeshaacha kuamini kila ninachokiona usoni kwa mtu.

"Unataka nini? Amekufa. Viza ya nini?"

Nikamwambia. Sitaki viza. Sitaki radhi pia, radhi tumezitumia vibaya hapa kwetu. Nataka Ijumaa moja, watu wakiwa wamekaa, ashikwe mkono asimamishwe pale anaposimama, aseme kwa sauti ile ya jeneza: mi niliona, mi nilisikia, mikono yangu ilikuwa na maji. Maneno hayo tu. Mwadhini hayupo. Shahidi amebaki mmoja, na akiondoka, mama yangu atabaki inasemekana mpaka Kiyama.

Akasema, "Nitaona."

Ijumaa nne zimepita. Anaenda msikitini, anashikwa mkono, anakaa safu ya mbele. Hamza anamletea tende. Zuhura anampikia uji. Anarudi nyumbani, ananyamaza.

Kwa hiyo nimeandika, na kijana wa Rohero amenisahihishia, na nimemwambia atoe nakala nyingi. Hamza, ulinyamaza wiki mbili, utajibu hilo na wateja wako watakusikia. Zuhura, ulimwosha kwa mikono ile ile, utajibu siku yako, na siku hiyo si mimi nitakayeuliza. Mimi nimeshajibu langu: niliigiza mrija, nilibeba bahasha, nikapanda ndege.

Umebaki wewe. Ukuta wa msikiti wetu ni mabati, na mimi Ijumaa nakaa upande wa wanawake, sikio langu zima. Ulituuliza sote mbele ya jeneza lake. Sasa nakuuliza wewe, kwa maneno yako, mbele ya watu, na hapa sitaki unijibu nitaona.

Mwalimu, mama huyu unamshuhudia vipi?